Masafa ya uhakika: maswali yenu kuhusu wastani

Nina vipimo 25 tu. Wastani wake ni 52, mkengeuko sanifu 10. Nitajuaje wastani wa kundi zima?

Kuujua kamili huwezi, ila unaweza kuuwekea mipaka. Gawanya 10 (mkengeuko sanifu, yaani jinsi vipimo vinavyotawanyika kuuzunguka wastani) kwa kipeuo cha pili cha 25, upate 2. Hilo ndilo kosa sanifu, yaani kiasi ambacho wastani wa sampuli huyumba kwa kawaida. Kwenye jedwali la t, lenye namba za kuzidishia kosa hilo, tafuta digrii huru 24 (yaani 25 toa 1) kwa kiwango cha 95%: utakuta 2.064. Zidisha kwa 2, upate 4.13. Ukitoa na kujumlisha kwenye 52, mipaka yako, yaani masafa ya uhakika, inaanzia 47.87 hadi 56.13. Hayo yote ni kama sampuli ilichukuliwa kwa bahati nasibu. Ukiwapima waliokuwa karibu nawe tu, hesabu itatoka safi na jibu litakuwa bure.

Mbona daftari langu linasema 1.96, si 2.064?

Hiyo hutumika mkengeuko wa kundi zima ukijulikana, na ni nadra ujulikane. Wewe umeukadiria kutoka sampuli ileile, kwa hiyo una mashaka mawili badala ya moja. William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, ndiye aliyelishughulikia hili mwaka 1908, akaandika kwa jina la kupanga, Student. Vipimo 10 hudai 2.262, vikiongezeka, t huisogelea 1.96.

Basi kuna uwezekano wa 95% kwamba wastani halisi umo humo?

Hapana, na hapa hata walimu huteleza. Wastani halisi ni namba moja iliyotulia: ama imo, ama haimo. Kinachoyumba ni masafa, maana kila sampuli mpya huzaa ya kwake. Hiyo 95% ni sifa ya njia. Ukirudia zoezi mara nyingi sana, takriban masafa 95 katika kila 100 yataukamata wastani. Mwanatakwimu Jerzy Neyman aliijenga nadharia hii mwaka 1937 kwa maana hiyohiyo. Wala usidhani kwamba 95% ya vipimo vyenyewe vitaangukia humo. Kwa mkengeuko wa 10, vingi vitakuwa nje.

Nataka masafa yapungue nusu. Niongeze vipimo vingapi?

75, vifike 100. Kipeuo cha pili ni bahili: vipimo mara nne, upana nusu. Ukishuka hadi 90%, ile 4.13 inakuwa 3.42 bila kupima chochote, lakini wastani halisi utauponyoka mtego wako mara nyingi zaidi.