Darubini yako na sumaku ya Algol

Mdogo wangu wa Ujiji, unauliza kama darubini yako ya macho mawili inaweza kukuonyesha sumaku ya nyota pacha ya Algol, maana umeiona ikififia. Haiwezi. Huko kufifia ni nyota moja kuifunika nyingine, kila baada ya siku 2 na saa 21 kasoro dakika chache.

Sumaku ipo, ila kwa yule pacha hafifu. Mvutano wa mwenzake umemfunga, kwa hiyo hujizungusha mara moja katika siku hizohizo 2.87. Jua letu huchukua takriban siku 25! Gesi inayotokota ndani ya nyota yenye kasi hiyo huzalisha sumaku kali, nayo hupasha joto tabaka la juu, kromosfia. Kwenye nyota za namna hii kalsiamu ya tabaka hilo hung'aa kwa mistari miwili myembamba ya zambarau, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 393.4 na 396.8. Kuipambanua kunataka spektrografu, yaani kifaa cha kuutawanya mwanga katika rangi zake, si lenzi kubwa zaidi, kwa hiyo usimalize akiba yako.

Wewe fuatilia kufifia. Agosti amka saa tisa usiku, tazama kaskazini mashariki. Taa za wavuvi wa dagaa utazipa mgongo. Mawingu hakuna, kero ni moshi wa mapori yanayochomwa. Kushoto kwa Algol ipo nyota ya Almach: kwa kawaida zinalingana. Zilinganishe kila nusu saa, uandike palepale. Mimi niliwahi kutegemea kumbukumbu, asubuhi nikabaki nabahatisha.