Jibu: Wazee wa Buhigwe wananyamaza nikiwasha simu

Mwakeye mkuu. Umesema wazee wa kwenu Buhigwe, milimani Kigoma, wanasimulia vizuri habari za mwami (mtawala wa jadi wa Waha) na ngoma, ila ukianza kurekodi wanakata maneno. Angalia kwanza kama mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wana habari. Bila hao unaonekana mtu aliyefuata ardhi, na mipaka ya mashamba huku si ya mchezo.

Halafu acha kuulizia "historia". Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na wapo wanaohisi kuutaja ni siasa. Mimi kule Heru Juu, Kasulu, nilianza na ngoma yenyewe: ngozi ya mnyama gani, nani anaiwamba, inakaushwaje. Mzee mmoja aliinuka, akaipiga kwa kiganja, akaanza kuwasema vijana wanaoilegeza. Hapo ndipo nikaomba kurekodi, sauti tu.

Nenda kiangazi, mvua zikianza wote wako shamba. Ukionyeshwa mabaki ya kale usichimbe, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni. Na pombe ya ndizi nunua mwishoni, la sivyo utarudi na nyimbo tupu (tamu, lakini).