Ulize Fundi wa Boti: Mwendo upi unabana mafuta?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya futi 20, mashine ya farasi 40, napeleka wageni Mbudya kutoka Kunduchi. Mwenzangu anasema tukizungusha mkono wa mashine (wa kuongeza mwendo) nusu tu tunabana petroli. Shemeji anasema nizungushe mpaka mwisho, nifike, nizime. Nimsikilize nani?
Nahodha, Kunduchi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako anahesabu lita kwa saa, shemeji anahesabu saa tu. Wewe unauza safari, basi hesabu lita kwa kilomita.

Hiyo nusu ndiyo inayokutia hasara. Geuka utazame: omo, yaani mbele ya boti, imeinuka mpaka kisiwa hukioni, tezi, yaani nyuma yake, imezama, nyuma unaburuta wimbi kubwa. Wimbi hilo ni petroli yako. Usikae hapo! Zungusha zaidi mpaka omo ishuke na boti iteleze juu ya maji, kisha rudisha mkono kidogo kidogo. Pale unaposikia tezi inataka kuzama tena, ongeza kidogo tu uache hapo.

Boti yangu, ukubwa kama wako, hapo inakwenda kama kilomita 26 kwa saa na kunywa lita 10. Mkono ukifika mwisho ni kilomita 35, lita 18. Yaani kila kilomita unatoka lita 0.38 mpaka zaidi ya nusu lita. Mwendo wa kilomita 9, omo ikiwa imetulia, unabana hata zaidi. Mimi nautumia jioni nikirudi mtupu.

Usichukue namba zangu, pima zako. Tafuta dumu jeupe la lita 5, lichore mistari ya kila nusu lita kwa kalamu ya maka, tia petroli iliyokwisha changanywa oili kama mashine yako inahitaji, uchomeke mpira wa mafuta humo. Simu ikuoneshe umbali. Nenda na urudi njia ile ile kwa mkono ule ule, maana maji yakipwa au kujaa yanakusukuma upande mmoja na kukurudisha mwingine. Gawa mafuta yote kwa kilomita zote. Rudia kwa miendo mitatu, asubuhi kabla upepo wa kusi haujaamka, ukiwa na uzito wako wa kila siku. Watu wasirundikane tezini. Boti itachelewa kuteleza.

Tangi lako la kawaida liwemo botini limejaa, dumu likikaribia mstari wa mwisho uhamishe mpira mapema.