Pima unene wa barabara kwanza, blokcheni ije baadaye

Mkuu, simamisha huo mkataba. Umeandika kwamba hati za malipo za barabara ya halmashauri yenu zitaingizwa kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali lenye nakala kwenye kompyuta nyingi ili maandishi yasibadilishwe kirahisi, "zikishaidhinishwa". Hela inapotelea hapohapo.

Chukua barabara ya changarawe ya kilomita 5, upana mita 6, tabaka la milimita 150. Hizo ni mita za ujazo 4,500 zilizoshindiliwa. Mkandarasi akiweka milimita 110, zinakuwa 3,300. Mita za ujazo 1,200 hazipo barabarani, zaidi ya tripu 120 za tipa la mita 10, na hati inasema unene ni milimita 150. Ukiiingiza hati hiyo, umeuhifadhi uongo usiofutika, na mwananchi akiangalia kwenye simu anaona kila kitu ni safi. Wauzaji wa mifumo hii wanalijua hilo, lakini wanasimama mbele ya madiwani na slaidi zao za "haibadiliki" bila kumuuliza fundi hata mmoja unene unapimwaje. Inaudhi, maana ni kodi za watu.

Andikeni kipimo ghafi, siku ileile, kabla hati haijatayarishwa. Kila mita 200 chimbeni shimo dogo hadi mwisho wa tabaka, kwa zamu: kushoto, katikati, kulia. Simamisha rula, piga picha namba zikisomeka, chukua GPS, wasaini watatu: mkandarasi, mhandisi msimamizi na mjumbe wa kamati ya kijiji. Sehemu za kuchimba zichaguliwe asubuhi hiyohiyo, la sivyo palipotajwa patakuwa na changarawe ya kutosha na kwingine hakuna kitu. Kwenye makalavati, ingizeni majibu yote ya vipimo vya zege vya siku 7 na 28, hata yaliyofeli. Hasa yaliyofeli.

Picha yenyewe haikai kwenye blokcheni, inakaa heshi yake ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, tarakimu na herufi 64. Fundi akiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na heshi inakuwa nyingine kabisa. Mwaka unaofuata mkaguzi analinganisha, hazifanani, ushahidi halali unatupwa. Heshi itolewe kwenye simu iliyopiga, faili asilia litumwe kama dokumenti na litunzwe sehemu mbili.

Tena usikubali nodi zote, yaani kompyuta zinazotunza nakala za blokcheni, kukaa kwenye seva za halmashauri. Mwenye seva zote anaweza kuandika kumbukumbu upya. Moja iende kwa wakaguzi wa nje, nyingine chuo cha uhandisi. Ikishindikana, heshi za siku ziunganishwe ziwe moja na ipandishwe kila jioni kwenye blokcheni ya umma.

Kwenye mkataba dai kifungu hiki: hati ya malipo isiyoambatana na heshi za vipimo zilizoingizwa kabla yake, mfumo uikatae na mhasibu asilipe.