Nimeyameza madesa yote na bado nimepata sapu

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo hapa Dar es Salaam. Nimepata sapu (mitihani ya kurudia) mbili, mwenendo wa mashauri ya madai na uandishi wa nyaraka za kisheria. Chuo kikuu nilikuwa mwanafunzi mzuri, na safari hii madesa (muhtasari wa masomo) nimeyameza yote. Zimebaki wiki nane na naogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Nasomaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hauko peke yako. Mwaka 2022, katika mkupuo (kundi la wanafunzi) wa 33 wa taasisi yenu, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633, na 265 wakadisko. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Yalisemwa mengi kuhusu vyuo, ufundishaji na utungaji wa mitihani, na mengine yana uzito. Ila katika wiki nane hayo huwezi kuyabadili. Unachoweza kubadili ni namna unavyosoma.

Neno lililonigusa kwenye barua yako ni "nimeyameza". Chuo kikuu ulikuwa unaulizwa hati ya madai, ile inayofungua kesi, ni nini. Hapo ulipo unapewa habari za mteja na kuambiwa uiandike hiyo hati, na anayesahihisha anaisoma kama karani wa masijala: inapokelewa au inarudishwa. Aliyekariri bila kuandika anafika pale akiwa anaijua sheria, lakini mkono haujui pa kuanzia.

Basi fundisha mkono. Chukua kisa kama hiki: mama mwenye ghala Morogoro amemkopesha mfanyabiashara wa Kilosa mpunga wa Sh milioni 60, hajalipwa. Kabla ya kugusa kalamu jiulize: anashtaki mahakama ipi, ya wapi? Deni lilipaswa kulipwa lini, na ile miaka 6 ya madai ya mkataba imeshapita au bado? Ukishajibu, andika hati nzima kwa mkono, saa ikiwa mezani, madesa yamefungwa. Ukimaliza fungua Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya VII kanuni ya 1, uikague hati yako kipengele kwa kipengele: jina la mahakama, wadaawa (mdai na mdaiwa) na makazi yao, chanzo cha madai na lini kilitokea, mambo yanayoipa mahakama mamlaka, thamani ya madai, nafuu inayoombwa. Wengi huangukia kwenye mamlaka na thamani. Na uthibitisho mwishoni, pale mdai anapothibitisha kuwa aliyoyaeleza ni kweli, usiusahau.

Kesho yake badilisha kitu kimoja tu: mdaiwa awe halmashauri ya wilaya. Sasa kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe tangu marekebisho ya 2020, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Kisa ni kilekile, njia ni nyingine kabisa. Watahini hupenda sana hapo, kwa sababu mteja wa kweli naye hatakwambia uende njia ipi.

Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi yanayotolewa kwa kuapa, ndiyo ninayoiogopea zaidi, maana inaonekana nyepesi. Nilipokuwa najifunza kazi ofisini, wakili mkuu wangu alipokea kiapo nilichokiandaa usiku kucha. Hakusoma aya hata moja. Alifunua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya sahihi, akauliza: "Ameapa wapi?" Tarehe nilikuwa nimeiandika, mahali sikuandika. Sheria ya viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna wa viapo (anayemwapisha mtu) ataje vyote viwili, na viapo vingi vimetupwa mahakamani kwa kukosa mstari huo mmoja. Tangu siku ile kiapo chochote naanza kukikagua nyuma kwenda mbele. Nawe fanya hivyo. Halafu pitia aya moja moja: je, hili ni jambo analolijua mwapaji, au umechomeka hoja ya kisheria au ombi? Hoja na maombi hayaruhusiwi kwenye kiapo; katazo hilo ni la tangu kesi ya Matovu, ya Uganda, ya mwaka 1966, na bado linaangusha watu.

Jambo jingine la haraka: angalia madesa yako ni ya lini. Toleo la Sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na vifungu vingi vimebadilishwa namba. Desa la kurithi kwa kaka aliyemaliza zamani litakupa namba ambazo hazipo tena pale. Soma sheria yenyewe.

Tafuteni watu watatu, si kumi. Mmoja aandike, wa pili awe wakili wa upande wa pili anayesaka pingamizi la awali (kasoro ya kisheria ya kuliangusha shauri kabla halijasikilizwa), wa tatu awe msajili wa mahakama. Mkibadilishana nafasi kila jioni mtajifunza kuliko kukaa mkisomeana. Wiki nne za kwanza andikeni nyaraka moja moja, wiki tatu zinazofuata fanyeni mitihani ya nyuma kwa muda kamili. Ukiwa na saa 3 kwa alama 100, swali la alama 20 lina dakika 36 tu. Zikiisha, hama, hata kama sentensi imekatikia njiani. Wiki ya mwisho usiguse kitu kipya. Rudia makosa yako mwenyewe, yale uliyoyazungushia kalamu nyekundu.

Leo jioni anza na yule mama wa Morogoro. Ukiiandika, nitumie picha ya kurasa zote, na ya mwisho iwe ya kwanza. Nitaanza kusoma hapo.