Maswali na Majibu: Mazoea Si Ushahidi

Barua za mwezi huu zinatoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini karibu zote zimebeba hoja moja, kwamba jambo ni sahihi kwa kuwa wengi hulifanya. Nimechagua zile zinazonipa nafasi ya kulijibu hilo. Wengine wanivumilie hadi mwezi ujao.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi hapa Mbagala. Tukimwaga zege la lenta huwa tunazidisha maji ili liwe jepesi na lijipenyeze lenyewe kwenye nondo. Mafundi wote ninaowafahamu wanafanya hivyo na nyumba zao zimesimama. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya upo, fundi, ila wewe hutauona, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Saruji huhitaji maji kiasi tu ili igande. Yanayozidi kazi yake ni kulainisha, na yakishakauka huacha vitundu vidogo mno ambamo hewa na unyevu hupenya hadi kwenye chuma. Kwa mfuko wa kilo 50, maji ya lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa moja na robo, yanatosha kwa zege la kawaida la nyumba, na humo yahesabiwe maji yaliyomo tayari kwenye mchanga ulionyeshewa. Nimesimama kwenye viwanja ambako mfuko huohuo ulipewa ndoo mbili na zaidi, zikimiminwa bila kipimo, na swali pekee lililoulizwa lilikuwa kama zege linateleza.

Fanya jaribio. Jaza makopo mawili, moja kwa zege la maji yaliyopimwa na jingine kwa zege ulilozoea, uyalowanishe kwa siku saba, kisha uukwaruze uso wa kila moja kwa msumari. Lile la maji mengi litatoa unga na msumari utachimba mfereji; jingine litabaki na alama ya chuma tu juu yake.

Unasema nyumba zimesimama, lakini hukusema zina miaka mingapi. Nondo inayoshika kutu huvimba, na zege hupasuka kwa mstari unaoifuata nondo, ila hayo huja baada ya miaka, wakati fundi amekwisha kulipwa na yuko Chanika akijenga nyingine. Mazoea mabaya hudumu pale ambapo anayeyatenda hayupo siku matokeo yanapofika. Kwa hiyo zege lako liwe zito, ulishindilie vizuri, ulimwagilie maji siku zisizopungua saba, na ukumbuke kwamba nguvu yake hupimwa siku ya 28. Hukuniuliza, lakini kwa kuwa uko Dar es Salaam nitasema: mchanga wa ufukweni usiutie kwenye zege lenye nondo hata ukipewa bure, kwa sababu chumvi yake huila nondo kutoka ndani.

SWALI: Je, ni lazima kuosha nyama ya kuku kabla ya kuipika?

JIBU: Kuku aliyekwisha kusafishwa usimwoshe tena chini ya bomba, maana maji yanayoruka hupeleka vijidudu kwenye kachumbari na vyombo, kinachoviua ni moto, basi mpike hadi mfupani.

SWALI: Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanawake 25 na kimetimiza miaka sita bila kupotea hata shilingi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila mkutano mmoja wao huchelewa. Wengi wanataka tubakize kufuli moja kwa kuwa tunaaminiana. Wewe, mwalimu, unasemaje?

JIBU: Dada yangu, umenipa miaka sita ya usalama kama sababu ya kuziondoa kufuli, nami naiona ndiyo sababu ya kuziacha. Hamjui kama fedha zimesalimika kwa uaminifu au kwa kufuli, na njia mnayotaka kulijulia hilo ni kuweka akiba za watu 25 rehani.

Lakini wizi si hoja yangu kubwa. Nilikuwa mwanachama wa kikundi kimoja ambacho funguo zake zote ziliishia mikononi mwa mweka hazina kwa sababu hiyohiyo ya kuchelewa. Siku moja hesabu ilipungua. Mpaka leo haijulikani kama zilichukuliwa, zilihesabiwa vibaya, au ziliandikwa kwenye ukurasa usio wake. Mweka hazina yule, ambaye mimi nilimwamini na bado namwamini, alikosa cha kujitetea nacho, kwa maana hapakuwa na mtu wa pili wa kusema kwamba sanduku halikufunguliwa. Aliacha kuja mikutanoni, kisha hata sokoni akawa anatupita bila kutusalimu. Kufuli tatu humkinga mweka hazina kabla hazijakikinga kikundi, na mwanamke mnayempa sanduku peke yake kwa jina la kuaminiana mnampa mzigo ambao siku ya mashaka hakuna atakayemsaidia kuubeba.

Kuchelewa kuna dawa yake. Kila mwenye ufunguo awe na msaidizi aliyechaguliwa mkutanoni na jina lake kuandikwa, asiwe ndugu wa mwenye ufunguo mwingine, na anayechelewa alipe faini kama wengine. Na fedha zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, sanduku linapofunguliwa na linapofungwa. Kikundi kinachoona kuhesabu kwa sauti ni kupoteza muda kimeanza kuyumba.

SWALI: Mahindi yaanikwe siku ngapi ndipo yafae kuhifadhiwa?

JIBU: Swali hili limeletwa na wasomaji wanne kwa maneno yaleyale, na hakuna hata mmoja aliyeeleza yuko wapi, amevuna yakiwa na hali gani, wala anaanika juu ya nini. Nimelijibu mara nyingi na ninaomba sasa lisirudi hivi. Siku si kipimo. Siku tatu za Kongwa kukavu mwezi wa Agosti si siku tatu za Tukuyu kwenye mvua nyingi, na mahindi yaliyotandazwa kwenye udongo hunyonya usiku unyevu walioupoteza mchana.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ijaze mahindi hadi theluthi yake, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa kama umande, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kiwango cha biashara cha Afrika Mashariki ni 13.5, kwa hiyo hata baada ya chupa kukubali, anika tena juu ya turubai na uyafunike kila jioni.

Ninalishupalia hili kwa sababu mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Ladha ya mahindi haiwezi kukuonya. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali wala kwa kuchemsha makande, na inapokuwa kidogo haiui kwa wiki bali hulidhuru ini kwa miaka, ndiyo maana hakuna anayelihusisha gunia la mwaka juzi na ugonjwa wa leo. Na mahindi yenye ukungu msiyatenge kwa ajili ya kuku, ng'ombe wa maziwa au pombe. Sumu hupita kwenye maziwa na kurudi mezani kwenu.

SWALI: Mbona kila mara unadharau desturi za wazee? Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Pangani na hakusoma kitabu chochote.

JIBU: Siidharau kazi ya baba yako hata kidogo, na barua yako imenipa mfano mzuri kuliko niliyokuwa nayo. Jahazi likikalafatiwa vibaya, yaani nyufa za mbao zake zisipozibwa sawasawa, likishushwa majini huvuja mbele ya macho ya aliyelikalafati, na jirani zake wote wanaona. Deheni mbovu, yale mafuta yanayopakwa jahazi lisipenye maji, hujulikana msimu uleule. Desturi iliyopita kwenye mtihani wa namna hiyo, kizazi baada ya kizazi, imehakikiwa kwa ukali kuliko maandiko mengi, nami ningemsikiliza fundi wa Pangani kabla ya mwenye shahada. Kadhalika mpishi wa pilau, kwa sababu hukumu yake hutoka palepale sahani zinapofika. Mashaka yangu ni kwa desturi ambazo matokeo yake hukawia, au hutokea mara chache, au humfika mtu mwingine mahali pengine. Huko mzee hakuwa na namna ya kujua, kama ambavyo daktari au mhandisi naye hana namna ya kujua mpaka mtu akae chini na kuhesabu.

SWALI: Ninasoma uuguzi na niko mafunzoni katika chumba cha upasuaji. Kuna orodha ya kukaguliwa kabla ya mgonjwa kukatwa, lakini daktari wetu mwandamizi husema ni ya wasio na uzoefu. Sisi hujaza vile visanduku baadaye ili karatasi ionekane imekamilika. Je, hilo ni kosa?

JIBU: Ni kosa, na afadhali karatasi iachwe wazi kuliko kuijaza baadaye, kwa sababu karatasi tupu angalau inasema kweli.

Orodha hiyo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Huuliza mambo ambayo kila mtu chumbani anadhani mwenzake ameshayaangalia: mgonjwa huyu ni nani, anapasuliwa nini na upande gani, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, vitambaa na sindano vimehesabiwa vikatimia. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, ikiwemo London, Seattle na Ifakara yetu ya Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wapasuaji wa London na Seattle hawakuwa wanagenzi.

Lakini soma na upande wa pili. Jimbo la Ontario huko Kanada liliilazimisha orodha hiyohiyo, na utafiti wa hospitali 101 uliotoka mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutegemewa. Wapo wanaousoma kama ushahidi kwamba orodha haina kazi. Mimi, kwa niliyoyaona kwenye ofisi na viwanja vya ujenzi, nausoma kama ushahidi kwamba kulazimisha karatasi si sawa na kuwafanya watu wasimame, wanyamaze na wajibizane kwa sauti. Mnachokifanya ninyi cha kujaza baadaye ndicho hichohicho ninachokihofia.

Kuhusu uzoefu wa daktari wako, kumbuka yaliyotokea Vienna mwaka 1847. Katika wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, waliokuwa wakitoka moja kwa moja kupasua maiti, zaidi ya wanawake 18 katika kila 100 waliojifungua mwezi Aprili walikufa. Daktari Ignaz Semmelweis aliwataka waoshe mikono kwa maji ya klorini kuanzia katikati ya Mei, na kufikia Juni vifo vilikuwa karibu wawili katika kila 100. Madaktari wengi wakubwa wa wakati huo walimkataa, ingawa walikuwa na uzoefu mkubwa. Walichokosa ni kuona, kwa sababu mama aliambukizwa leo na kufa siku kadhaa baadaye, na katikati mikono mingi ilikuwa imepita. Aliyeona ni yule aliyelinganisha hesabu za wodi mbili, hiyo ya madaktari na nyingine iliyohudumiwa na wakunga.

Wewe ni mwanafunzi, na simwambii mwanafunzi ampinge mkubwa wake mbele ya mgonjwa. Mwendee muuguzi kiongozi wa chumba hicho, umwombe akuruhusu uisome orodha kwa sauti kama sehemu ya mafunzo yako. Daktari mwandamizi humkatalia mwanafunzi anayemsahihisha. Ni nadra kumkatalia anayejifunza. Ila jina lako usiliweke kwenye karatasi ya jambo ambalo halikufanyika, hata uambiwe na nani.

SWALI: Abiria wa bodaboda anayekwenda kilomita moja tu naye avae kofia ngumu?

JIBU: Avae na aifunge mkanda kidevuni, kwa kuwa kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

SWALI: Nimejifungua wiki tatu zilizopita, niko Tabora kwa mama mkwe. Kliniki wanasema mtoto alale chali. Mama anasema atapaliwa, alale kifudifudi kama alivyowalea wanawe saba. Nimsikilize nani bila kumvunjia heshima?

JIBU: Hongera, mwanangu. Mlaze chali, usiku na mchana. Mama mkwe wako hakubuni jambo hilo, na hii utaweza kumwambia kwa heshima zote: kwa miaka mingi hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwashauri wazazi walaze watoto kifudifudi, kwa hofu ileile ya kupaliwa. Walipohesabu vifo vya ghafla vya watoto waliokuwa wazima, wakalinganisha namna walivyolazwa, wakabadili neno lao, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1992, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Kati ya watoto saba, hata wote wakilazwa kifudifudi, uwezekano mkubwa ni kwamba wote watakua. Hatari hii huonekana kwa maelfu tu, na hakuna mama mwenye maelfu ya watoto. Hivyo usimwambie amekosea. Alifuata lililokuwa bora kwa wakati wake.

Tena yako mambo ambayo yeye anayajua na mtoto anayahitaji. Mtoto akiwa macho, awekwe kifudifudi kidogo kidogo juu ya mkeka, bibi yake akiwa ameketi hapo anamwangalia, ili shingo na mabega vikomae. Mwombe achukue zamu hiyo kila asubuhi baada ya kumwogesha. Kitandani asiwe na mto wala mablanketi mazito karibu na uso. Na kama bado mnaweka jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto la mzazi, litolewe nje kabla hamjafunga mlango kulala, hata mkaa ukiwa umebaki majivu mekundu, kwa sababu hewa yake haina harufu na haimwamshi mtu.