Bi Mkubwa Anajibu: Mtoto Dahalia, Ng'ombe Shamba

Haya jamani, khabari za toka tulipoachana. Mwezi huu barua zimejaa na nyingi ni za watoto wa skuli wanaolilia wanyama waliowaacha shamba, na wazazi wao wasiojua wawafanye nini hao wanyama. Nimechagua hizi. Aliyeuliza kama kuku akiwika usiku achinjwe, mwanangu, mchinje ukimtaka kitoweo, usimsingizie uchawi.

Shikamoo Bi Mkubwa, hujambo? Mie sijambo alhamdulillah ila moyo wangu uko Konde, kwetu Pemba. Niko dahalia, bweni la skuli, huku Unguja mjini, kidato cha tatu, masomo yanakwenda isipokuwa fizikia, tumebadilishiwa mwalimu na huyu mpya anajaza ubao mzima halafu anafuta hata hatujafika nusu ya kunakili. Sasa Bi Mkubwa mie nina mtamba wangu anaitwa Mawingu, nlipewa na babu nlipokhitimu Msahafu, mweupe ana madoa ya kijivu ubavuni, nkitoka chuoni nampitishia maganda ya ndizi na sauti yangu anaijua, nkiita tu anainua kichwa. Toka skuli zifunguliwe sijamuona. Mdogo wangu kila nkipiga simu ananambia Mawingu kashakusahau sasa hivi ananifata mie. Ni kweli ng'ombe husahau mtu? Na jengine, juzi kanambia hali vizuri, kavimba chini ya sikio na macho yanamtoka machozi, baba anasema tungoje wiki ijayo tuone. Mtihani wa nusu muhula ushabisha hodi na mie nasoma siingizi kitu. *Binti wa Konde, dahalia*

Marahaba mwanangu. Watu wengine wajue kwanza kuwa barua hii ilipofika sikungoja gazeti, namba aliiacha, nkampigia yeye na yeye akampigia baba yake, na mzee alisikia Mungu ambariki, bwana mifugo kenda siku ya pili yake asubuhi na Mawingu kapigwa sindano, khabari ya mwisho nliyopewa ni kuwa anatafuna majani na kamkanyaga mdogo mtu kidole. Lakini naiandika kwa wengine wenye ng'ombe mana hili la "tungoje tuone" ndo linalotumalizia mifugo yetu.

Tezi za chini ya sikio zikivimba, ng'ombe ana homa, machozi yanamtoka na majani hayataki, kitu cha kwanza cha kukifikiria ni ndigana kali. Inaletwa na kupe, wale wa kahawia wanaopenda kukaa ndani ya sikio, ndo mana uvimbe unaanzia hapohapo karibu. Ikishateremka kwenye mapafu mnyama anahema kwa tabu, anatoa povu puani, na hapo mara nyingi imeshakuwa basi tena. Dawa ipo, ila inataka kuwahiwa. Kwa hiyo mtu asikae anamtazama ng'ombe kama anayetazama jahazi bandarini. Na nyie mliobaki nyumbani mkipeleka majani jioni tieni mkono ndani ya masikio, chini ya mkia, na kwenye chuchu, mkague kupe, na muulize kwenye shehia yenu lini wanaogesha. Ndama na mitamba ndo wa kutazamwa zaidi.

Haya, kusahau. Mdogo wako ni muongo wa kawaida tu, wadogo wote wako hivyo. Anafatwa kwa sababu yeye ndo mwenye ndoo mkononi. Ng'ombe anamjua mtu kwa uso, kwa sauti na kwa harufu, na anamjua anayemtendea wema na anayempiga. Kondoo, huyu tunayemtukana kuwa mjinga, Uingereza wamemfanyia utafiti ukatoka mwaka 2001, walimuonesha picha za nyuso za kondoo wenziwe 50 na baada ya miaka 2 bado alikuwa anazitambua. Sasa ikiwa ndugu yake kondoo kaweza hivyo, Mawingu atashindwa na miezi mitatu? Mwambie mdogo wako aweke simu spika akienda kumfungua, umwite kama ulivyokuwa ukimwita, uniandikie kafanyaje. Mie nimeshajua, ila nataka usikie mwenyewe.

Fizikia: mwende watatu wanne pamoja na monita wenu, kwa adabu, baada ya kipindi si katikati yake, mumuombe mwalimu asifute upande mmoja mpaka mmalize. Walimu wageni wengi wanakimbiza silabasi kwa woga tu. Na mtafute mtoto wa kidato cha nne mwenye daftari zuri, yupo, kila skuli anakuwepo mmoja ana mwandiko kama wa kuchapwa.

Assalaam aleikum Bi Mkubwa. Mie mvuvi wa Micheweni, nina kijana wangu anaingia kidato cha kwanza Januari inshaallah. Ana beberu wake anaitwa Kapteni, mama yake alikufa siku aliyomzaa na kijana ndo aliyemlea kwa maziwa ya chupa, akalala nae ukumbini mpaka mama watoto akapiga kelele. Sasa sare, viatu, madaftari, mkoba na nauli vimenizidi, kusi la mwaka huu lilikuwa kali nimekaa pwani siku nyingi sikutoka. Mteja nimempata, bei nzuri. Mama watoto anasema tumuuze wakati kijana kenda kwa bibi yake Wete, akirudi tumwambie kaibiwa. Mie uongo siupendi lakini machozi ya yule mtoto nayaogopa kuliko hilo kusi. *Baba Kijana*

Waaleikum salaam baba. Hapana. Msimwambie kaibiwa.

Kaibiwa na nani? Mtoto ataanza kumtazama kila jirani kwa jicho la wizi, na huko kwenu hakuna asiyemjua beberu wa mwenziwe, wiki haitamaliza atamkuta Kapteni kafungwa kwa watu au atasikia kwa watoto wenziwe kaliwa harusini. Hapo atakuwa kapoteza beberu na kawapoteza nyie. Mkeo mpe salamu zangu, najua kasema kwa huruma, mama hataki kuona mwanawe analia, ila huruma nyengine inachoma.

Najua mzigo wako. Watu watakwambia elimu ni bure toka Mzee Karume aitangaze tarehe 23 Septemba 1964, na ada kweli hulipi, lakini viatu havikutangazwa. Mkalishe chini kijana kabla ya kumpa jibu mteja, mwambie pesa nnayo hii, vitu vinavyotakiwa ni hivi, hesabu mfanye pamoja kwenye karatasi, mtoto wa kidato cha kwanza anajua kutoa na kujumlisha. Kisha mtazame njia nyengine kwanza. Beberu mzuri ana kazi yake, wenye mbuzi majike wanamtafuta, mnapatana akipandisha mnalipwa pesa au mnapewa mtoto mmoja. Ukiambiwa mtoto usitegemee Januari mana mbuzi anabeba miezi 5 hivi, ila mwaka wa pili wa skuli nao utakuja na viatu vyake. Kama karafuu zipo huko kwenu kijana na achume, na asiyeweza kupanda mkarafuu akae jamvini achambue. Makonyo nayo, vile vijiti vya karafuu, msiyatupe, yanauzwa, pale Wawi yanakamuliwa mafuta. Mie nimesomeshwa na makonyo, mama yangu alikuwa akiyakusanya wenzake wanamcheka.

Na ikiwa yote hayo hayafiki? Basi muuze, wewe ndo baba. Ila awepo, ashike kamba mwenyewe, asikie bei, na pesa ikitoka apewe mkononi aende na wewe dukani akachague viatu. Atalia. Mwache alie mbele yako, wala usimwambie mwanamme halii. Na mteja muulize anamtaka kwa kufuga au kwa kisu, mana akiwepo mwengine wa kufuga hata akipunguza kidogo mie ningempa huyo.

Bi Mkubwa mambo vipi, mie niko SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mwaka wa kwanza, babu yetu wa Kusini Unguja tukienda wikiendi kumsaidia kukata majani anatusimulia ati zamani ng'ombe walikuwa wanakufa sana kule karibu na msitu halafu serikali ikaleta ndege zikawa zinamwaga mainzi kutoka juu na ng'ombe wakapona. Sie tunacheka, tunasema mzee umri umemzidi. Kuna ukweli? *Mjukuu*

Kwanza shikamoo yangu iko wapi. Pili nenda kamuombe radhi babu ako, tena mchukulie na sukari.

Kila alichokwambia ni kweli. Unguja kulikuwa na mbung'o, khasa upande wa msitu wa Jozani na vichaka vyake, na mbung'o ndo anayeleta nagana, ng'ombe anakonda huku anakula mpaka anaanguka. Walipiga dawa, wakatega mitego, mbung'o wakapungua lakini hawakwisha. Ndo katika miaka ya 1994 mpaka 1997 wakaja na akili nyengine: Tanga kule walikuwa wanafuga mbung'o kwa mamilioni, madume wanapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wanatiwa kwenye viboksi, ndege ndogo inapita juu ya kisiwa inawaachia. Jike la mbung'o kwa kawaida linapandwa mara moja tu maishani na linazaa mtoto mmoja mmoja, si kama nzi wa chooni, sasa likikutana na dume lililopigwa mionzi basi uzazi wake umekwisha hapo. Wakaachia zaidi ya milioni 8, kila siku wa mionzi wanazidi wa porini wanapungua. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa imesafika. Dunia nzima walikuja kujifunza kwetu, na mjukuu wa hapohapo anacheka!

Tena wee uko chuo kikuu, kaa na babu ako umrikodi kwa simu, nani alikuwa akichukua viboksi, ng'ombe wake wangapi walikufa kabla, majina yao. Ukitafuta mada ya utafiti mwaka wa tatu utanikumbuka.

Bi Mkubwa shikamoo, sie watoto wa Mkoani, embe letu la uani linaliwa na popo kila usiku tunaokota makokwa tu. Kaka anawarushia mawe. Mwalimu wa sayansi kasema tusiwapige kwa sababu popo hawa wako Pemba peke yake. Kaka anasema mwalimu hana muembe ndo mana. *Darasa la sita*

Marahaba wanangu. Kaka kanichekesha, lakini mwalimu ndo mkweli. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya mekundumekundu shingoni, porini hayupo pahala pengine popote duniani. Wazee wenu walikuwa wanamla, na miti anayolala ilikatwa, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno, watu wakaona wanakwisha. Vijiji vikaanza kuwalinda wenyewe, kama pale Kidike, na leo wako maelfu kwa maelfu. Mwambieni mwalimu awapeleke Kidike, mtawaona wananing'inia mchana wanagombana na kujipepea kwa mbawa kama mabibi harusini. Usiku wanakula matunda na mbegu wanakwenda kuziangusha mbali, miti ya msituni mingi imepandwa na wao.

Embe sasa: lichumeni likikomaa kabla halijaiva, livundikeni ndani, popo anafata harufu ya lililoiva. Matawi ya chini yafungeni nyavu kuukuu. Na kaka mwambieni ahesabu, jiwe lake moja linaangusha maembe mabichi mangapi. Popo mkimkuta kaanguka chini msimshike kwa mkono, mwiteni mtu mzima.

Shkamoo. Paka kazaa chini ya kitanda changu dahalia, watoto wanne, matroni hajajua bado. Nifanyeje haraka. *Mpenda paka, kidato cha pili*

Matroni kashajua mwanangu, kabla hata hujauliza. Mwambie mwenyewe leo, umuombe kiboksi kiwekwe stoo au jikoni nyuma, na useme wiki 8 tu, mana kabla ya hapo mtoto wa paka hatolewi kwa mama yake. Mama mpe maji na chakula cha kutosha, ananyonyesha. Wakifika wiki 8 wagaiwe, jikoni penyewe pana panya hawatakosa kazi. Na matroni mwache achague wa kwanza.